Likizo ya uzazi: nani abebe gharama?

Mwajiri anayemkataa binti wa miaka 27 hamwambii sababu. Kwenye usaili atauliza tu kama ameolewa, na kama ana mpango wa kupata mtoto karibuni. Mwanamume aliyeketi nje akisubiri zamu yake hataulizwa hivyo. Kumnyima mtu kazi kwa sababu hizo ni kosa Tanzania Bara: kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa jinsia, ndoa au ujauzito, na kinamlinda hata anayeomba kazi. Lakini nani atathibitisha? Barua ya kukataliwa, ikija, husema nafasi imejazwa.

Nyuma ya swali lile kuna hesabu. Sheria hiyo inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kwa mshahara wa shilingi 800,000 kwa mwezi, siku 84 ni kama milioni 2.2. Mwajiri akiweka mtu wa kushikilia nafasi kwa mshahara uleule, zinamtoka milioni 4.4 kwa kazi ya milioni 2.2. Benki haitetereki kwa hilo. Duka la dawa lenye wafanyakazi wanne linatetereka.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja nzito. Likizo inayolipwa na mwajiri humfikia mama pamoja na mshahara wa kila mwezi, bila foleni wala faili kupotea kwenye ofisi ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Na mfanyakazi mzoefu akiacha kazi kwa kukosa likizo, kumtafuta na kumfundisha mwingine nako kuna gharama. Aidha, kilio cha duka dogo hupenda kurudiwa na kampuni kubwa ambazo hazina shida hiyo hata kidogo.

Hata hivyo, Mkataba Namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka mambo mawili: likizo isiyopungua wiki 14, na mwajiri mmoja mmoja asibebeshwe peke yake malipo yake. Tanzania Bara iko wiki 12. Kenya nayo, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, inatoa miezi mitatu kwa mshahara kamili kutoka mfukoni mwa mwajiri.

Rwanda ilichukua njia nyingine kwa sheria ya 2016. Mwajiri na mfanyakazi, awe wa kiume au wa kike, kila mmoja huchangia asilimia 0.3 ya mshahara. Mwajiri alibaki na wiki sita za mwanzo, mfuko ukalipa sita zilizofuata. Ukiweka viwango hivyo kwenye watu 20 wa mshahara wa 800,000, mfuko unakusanya 1,152,000 kwa mwaka, fedha inayotosha wiki sita za mzazi mmoja tu. Ofisi yenye wazazi watatu mwaka huo inabebwa na ofisi zisizo na hata mmoja, na ndiyo maana mchango wa lazima kwa wote hauepukiki. Mimi naona njia hii ni bora, ila isipambwe kupita kiasi: haimlipi anayeshikilia nafasi, wala haimgusi mama lishe asiye na mwajiri.

Wakati mjadala ukiendelea, wengi hupoteza haki kwa mambo madogo. Taarifa ya likizo inatakiwa miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, ikiwa na cheti cha daktari. Ipeleke kwa maandishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Likizo yenye malipo hutolewa mara moja katika kila mzunguko wa miezi 36, na mzunguko huhesabiwa tangu ulipoajiriwa, si tangu ulipojifungua. Mtoto wa pili akija ndani ya mzunguko uleule, mwajiri hadaiwi siku nyingine 84, isipokuwa kama wa kwanza alifariki kabla ya kutimiza mwaka. Ukirudi kazini, una hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha.

Panapouma zaidi ni mkataba wa muda maalumu. Kumwachisha mtu kazi kwa ujauzito ni batili moja kwa moja, lakini mkataba ulioisha muda wake hauhesabiwi kuachishwa, mpaka mama aonyeshe alikuwa na sababu ya kutarajia kuongezewa: umeongezwa mara ngapi huko nyuma, wenzake wameongezewa, bosi aliandika nini. Shauri la kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mwenye kichanga cha wiki mbili huzimaliza siku hizo kabla hajajua zilianza lini.

Halafu kuna baba, ambaye sheria ya 2004 ilimpa siku tatu, huku Kenya ikimpa wiki mbili. Kwa siku tatu, mwajiri haoni hasara yoyote kwa mwanamume anayekaribia kuwa mzazi. Mfuko ukianzishwa bila kuziongeza siku hizo, mshahara utakuwa umelipwa na wengi, lakini dawati litakalokaa wazi wiki 12 litabaki la mwanamke, na binti yule wa miaka 27 ataendelea kuulizwa.