Makar Sankranti: kalenda ya Kihindu ifuate nyota au majira?

Kila ifikapo tarehe 14 Januari, au 15 katika baadhi ya miaka, Wahindu wengi huoga katika mto Ganga, hasa pale Prayagraj unapokutana na Yamuna, kuadhimisha Makar Sankranti, siku ambayo jua huingia katika buruji ya Jadi, waiitayo Makara. Kwa desturi huo ndio mwanzo wa Uttarayana, safari ya jua kuelekea kaskazini. Lakini jua huwa limekwisha kugeuka tangu tarehe 21 au 22 Desemba, na yeyote anayepima kivuli cha adhuhuri anaweza kulithibitisha hilo.

Chanzo ni kuyumba kwa mhimili wa dunia, ambako huufanya mwaka unaopimwa kwa nyota, ambao sikukuu hii huufuata, uuzidi ule wa majira kwa takriban dakika 20. Dakika hizo hulimbikizana hata zikatimiza siku nzima kila baada ya miaka 70 na ushee. Sikukuu na mgeuko wa jua viliwahi kuangukia pamoja mnamo karne ya 3.

Kamati iliyoundwa India mwaka 1952 chini ya mwanafizikia Meghnad Saha iliipa serikali kalenda inayofuata majira, iliyoanza kutumika tarehe 22 Machi 1957. Kwa upande wa ibada ilipendekeza tofauti iliyokwisha kujengeka kati ya nyota na majira igandishwe katika pembe ya nyuzi 23 na dakika 15, ili sikukuu zisizidi kusogea. Watayarishaji wengi wa panchanga, yaani kalenda za ibada, hawakulikubali hilo.

Hoja yao si ya ukaidi mtupu. Mwezi wa Chaitra umeitwa hivyo kwa sababu mwezi mpevu wake huonekana karibu na nyota Chitra. Ukiufunga kwenye majira, baada ya karne kadhaa jina na anga vitapingana. Muislamu, ambaye Ramadhani yake huzunguka majira yote kwa miaka 33 hivi, anaweza hata kushangaa ubishi huu unatoka wapi. Unatoka katika ahadi ya kalenda yenyewe: Wahindu huongeza mwezi mzima, adhika masa, karibu kila miezi 32 au 33, ili sikukuu zisihame majira yake.

Wengine hujibu kwamba mapokeo yanayoihesabu kalpa moja, yaani siku moja ya mungu Brahma, kuwa miaka 4,320,000,000 hayawezi kutikiswa na siku chache. Kwangu mimi, ukubwa huo ndio unaowageuka. Kali Yuga pekee, enzi tuliyomo sasa kwa hesabu hiyo, ni miaka 432,000, ilhali mhimili wa dunia hukamilisha mzunguko kwa miaka 26,000 hivi; hivyo kabla enzi hiyo haijaisha, Makar Sankranti itakuwa imepita katika majira yote zaidi ya mara 16.

Wataalamu wa kale hawakupuuza jambo hili. Surya Siddhanta, kitabu chao mashuhuri cha elimu ya nyota, kinaeleza kwamba msogeo huo huenda hadi nyuzi 27 kisha hurudi, na kwa hesabu yake marejeo yataanza kuelekea mwaka 2300. Elimu ya nyota ya leo haitarajii marejeo yoyote. Kwa hiyo anayekataa pendekezo la Saha kwa kutegemea kitabu hicho ana takriban karne tatu tu za kusubiri kabla anga halijamjibu.