Barabara yetu ina baba wawili na wote hawapokei simu

Jamani naomba kuuliza, kuna mwingine humu anayeishi mpakani? Sisemi mpaka wa nchi, huo angalau una bendera na askari wa kukugongea muhuri. Nasema mpaka wa jiji na kaunti. Geti langu liko jiji, jirani wa ng'ambo yuko kaunti, na mpaka wenyewe unapita katikati ya barabara kama ule mstari tuliokuwa tunachora kwenye dawati, kiwiko chako kikivuka nakudunga na kalamu. Na hawa wakubwa wanauheshimu huo mstari sijapata kuona. Greda la jiji likija linalima upande wetu linafika katikati linanyanyua blade linageuza, hata kama shimo limevuka mpaka, litalimwa nusu. Miezi inapita, la kaunti nalo linakuja linalima kule kwao, ila wao wanamwaga kifusi kingi zaidi, kwa hiyo sasa hivi barabara yetu ina ngazi katikati. Ngazi kabisa. Ukiendesha gari lazima uchague ghorofa utakayopita.

Mi nilipohamia hapa nilifurahi, nikajiambia mtu mwenye serikali mbili atakosa nini. Kumbe ni kama yule mtoto wa baba wawili, kila mmoja anadhani mwenzake ndo amemlisha.

Tuanze na lami. Ilikuja Ijumaa, nakumbuka kwa sababu nilimtoa mama watoto nje aje aione, nyeusi, laini, watoto wanateleza juu yake na mabox. Jumatano, sio Jumatano ya mwaka uliofuata, Jumatano ileile iliyokuwa inakuja, nasikia nje drrrrrr. Natoka na soksi. Vijana wa maji hao, wameshakata mstari mzima kuanzia kona mpaka kwa jirani wa tatu, wananyooka kama wanakata keki. Nikamwita mmoja, "Kijana, hamkuona kwamba hapa barabara imejengwa juzi?" Akanijibu kwa heshima zote, "Tuliona mzee, ndo tukakumbuka na sisi tulikuwa na kazi hapa."

Ungejibu nini hapo. Nikarudi ndani.

Tena kuchimba sio tatizo, bomba lazima lipite mahali. Shida ni kufukia. Kuna mzee jirani alistaafu kazi ya barabara, yeye ndo alinifundisha, kwamba udongo wa mtaro haurudishwi wote kwa mkupuo, unaweka tabaka jembamba, tuseme sentimita 15 hivi, unashindilia mpaka udunde, ndo unaweka lingine, mpaka ufike juu. Sasa wetu walisukuma wote kwa koleo, lori likapita juu mara mbili, mbele na nyuma, mmoja akakanyagakanyaga na buti mwishoni kama anaua mende, wakaondoka. Mvua ya kwanza tu mtaro ukazama. Mvua ya tatu ukawa na maji yake ya kudumu. Nilikuta bata siku moja, sijui alitokea wapi na sikumuuliza.

Baada ya maji wakaja wa faiba. Baada ya faiba wakaja wa umeme kuchimbia waya, wakakata faiba. Wa faiba wakarudi kuunganisha, wakatoboa bomba la maji. Wa maji wakarudi. Hawa watu hawajawahi kukaa meza moja lakini kwenye lile shimo wanapokezana kama mbio za vijiti.

Na kila mmoja kabla hajachimba anapuliza rangi. Nimesoma kule Marekani ukitaka kuchimba unapiga 811, wenye mabomba na nyaya wanakuja kuchora chini, na kila kitu na rangi yake, buluu maji, nyekundu umeme, njano gesi, chungwa ni simu na intaneti, kijani maji taka. Huku kwangu rangi ni ile iliyobaki kwenye kopo. Nje ya geti nina mishale saba yote nyeupe, miwili inaelekeana kama inagombana, na kuna duara moja lina alama ya kuuliza ndani yake. Alama ya kuuliza! Mtu ameajiriwa, amevaa kizibao cha kung'aa, amefika saiti, akapuliza swali akaenda zake nyumbani.

Manholi nayo ilipotea. Lami ya pili ilipopita waliifunika, hakuna aliyekumbuka kuinyanyua shingo, sasa maji taka yalipoziba likaja kundi la watu wanne na nyundo wakawa wanatembea wanagonga barabara, ko, ko, ko, wameinamisha masikio kama madaktari wanapima kifua. Mimi nimesimama na kikombe naangalia. Nikawaambia iko pale, hatua sita kutoka kwenye nguzo. Wakaniambia mzee tuachie kazi yetu. Wakagonga saa mbili. Ilikuwa hatua sita kutoka kwenye nguzo.

Nguzo yenyewe ni kesi nyingine, imesimama ndani ya barabara kwa sababu barabara ilitanuliwa na nguzo haikuambiwa. Mwenye barabara anasema bajeti yake haina hela ya kuhamisha nguzo. Mwenye nguzo anasema yeye alikuwepo kwanza. Na mi nikiwafikiria naona wote wana haki, ndo kinachoniuma zaidi, ukikosa wa kumlaumu hasira yote unabaki nayo wewe. Wameifunga utepe wa kumeremeta ili tusiigonge usiku. Mchana tunaigonga kawaida.

Sasa subirini niwaambie la kalvati, hili ndo lililonitoa kwenye utu uzima. Jiji lilijenga mtaro wa maji ya mvua, kazi nzuri hata mimi nilisifia, bomba la sentimita 90, mtoto anapita amesimama. Linashuka na mteremko mpaka kwenye mpaka. Pale mpakani kaunti nayo ilishaweka lake la sentimita 60. Nikamuuliza yule mzee mstaafu hizo 30 zinakwenda wapi, akacheka, akaniambia usihesabu upana, hesabu mdomo, lile la 90 linameza zaidi ya mara mbili ya lile la 60. Sasa hebu fikirieni, mara mbili inateremka kwa kasi, nusu inapita, nusu nyingine inatafuta pa kwenda. Na pale yanapokutana ni wapi? Ni getini kwangu. Mvua ikinyesha saa moja tu maji yanasimama, yanafikiria kidogo, halafu yanapiga kona yanaingia kwangu bila hodi.

Nikaenda jiji. Injinia, kijana mpole, akatoa ramani kubwa akaitandaza juu ya meza, bomba lake limechorwa vizuri na vipimo, linafika kwenye mpaka, basi. Baada ya mpaka karatasi nyeupe. Nikamwambia mwanangu, hapa kwenye nyeupe pana watu, pana jirani yangu, pana mbwa wake. Akasema hilo ni eneo la kaunti. Nikaenda kaunti, injinia mama mmoja makini sana, akatandaza yake. Bomba la 60, vipimo safi, linaanzia mpakani. Kabla ya mpaka karatasi nyeupe. Kwa ramani za jiji jirani yangu hayupo duniani na kwa ramani za kaunti mimi ndo sipo, na maji yanakuja kutoka mbinguni.

Nikauliza kwani nyinyi hamuongei? Mama akaniambia kuna kamati ya uratibu. Nikaomba nihudhurie, nikakubaliwa kama mwananchi. Nilienda na shati la pasi. Tulikaa kuanzia saa tatu, jiji upande mmoja wa meza kaunti upande mwingine, mimi nikawekwa pale kichwani kama mtoto wa talaka. Wakajitambulisha. Utambulisho ulichukua dakika arobaini maana kila mtu anaeleza cheo na nani kamtuma kwa niaba ya nani. Halafu likaja suala la hela, na hapo ndo nikaelewa ugonjwa ulipo. Jiji linafunga mwaka wa fedha mwezi Juni. Kaunti inafunga Septemba. Jiji likiwa na hela ya kalvati kaunti imeshamaliza yake, kaunti ikipata, jiji liko kwenye kupanga upya. Kwa hiyo Mei wa jiji wanachimba kama wamechanganyikiwa ili hela isirudi, Agosti wa kaunti nao wanafufuka. Hakuna aliyekula hata senti mle, niliwaangalia usoni. Ni kalenda tu mbili na mimi niko katikati na ndoo.

Mwisho wa kikao waliafikiana jambo moja kwa kauli moja, tarehe ya kikao kijacho. Nayo ikaahirishwa.

Usiku huo mvua ikanyesha, nimekaa juu ya kiti miguu nimeikunja nasoma simu, nikagundua San Francisco jiji na kaunti ni kitu kimoja tangu 1856. Kitu kimoja! Mtu mmoja, kalenda moja, ukigombana unajua unagombana na nani. Na barabara ikishawekwa lami mpya ni marufuku kuikata kwa miaka 5, labda iwe dharura au wakupe ruhusa maalum. Nikaendelea, London tangu 2012 ukichimba zile barabara kubwa saa za foleni unalipia siku kwa siku, mpaka pauni 2,500 kwa siku. Nikamsomea mama watoto kwa sauti. Akasema, "Baba, hizo pauni zinanyonya maji? Shika ndoo."

Nikashika ndoo. Lakini kichwani nikaamua, kama hakuna mwenye ramani nzima basi nitachora mimi. Nikachukua daftari la hesabu la mwanangu wa mwisho, lile la miraba, limebaki kurasa nyingi tu, maana naye hesabu sio rafiki yake. Nikaanza. Kila shimo linalofunguka natoka na futi kamba. Bomba la maji, hatua nne kutoka ukutani, kina mpaka kiunoni. Faiba, mrija wa chungwa, umepita juu ya maji, umeungwa mara mbili. Waya wa umeme. Manholi, hatua sita kutoka kwenye nguzo. Mafundi wakaanza kunizoea, wakifungua wananiita wenyewe, "Mzee, njoo uandike."

Sasa imefika mahali napigiwa simu. Saa nne usiku mtu ananiambia, samahani mzee, kuna bomba limepasuka hapo kwenu na hatujui valvu iko wapi. Natoka na ndala na tochi nawaonyesha, narudi kulala. Kaunti waliniuliza kama jiji wana mpango wa kuchimba mwezi ujao, jiji wakaniuliza kama kaunti wameshamaliza. Mi sina ofisi, sina mshahara, sina hata kizibao cha kung'aa, nina daftari lenye picha ya tembo mbele na jina la mwanangu na "Darasa la Nne".

Wiki iliyopita sifa zikafika juu. Wote wawili wakataka kuliona hilo daftari. Nikasema vizuri, njooni pamoja, nitawatolea viti hapo nje tuangalie shimo kwa shimo. Yule kijana wa jiji akaja Jumanne. Mama wa kaunti akaja Alhamisi.

Kijana alikaa, akalifungua, akafuata mistari kwa kidole taratibu, nikamwona macho yanamtoka pale alipoona kalvati la 90 linagusana na la 60. Akanyamaza muda mrefu. Nikajua hapa leo tumefika. Halafu akafunga daftari, akanishukuru sana, akaniuliza kama ninaweza kumtolea kopi ya kurasa za upande wa kushoto tu.