N1 Mkononi, Simu Inaita

Mtihani wa Kijapani unaojulikana zaidi duniani, JLPT, ulianza mwaka 1984. Tangu 2010 una ngazi tano, N5 ya anayeanza hadi N1 ya aliyebobea. Hupima msamiati, sarufi, kusoma na kusikiliza, na majibu ni ya kuchagua na kusiliba. Kuzungumza hakumo. Kuandika hakumo. Mtu anaweza kufika N1 bila kuwahi kumsalimia Mjapani hata mmoja, na bado serikali ya Japani ikampa alama 15 anapoomba viza ya wataalamu wa hali ya juu, inayodai jumla ya alama 70. Alama 15, kwa ulimi ambao hakuna aliyeusikia!

Naanzia hapo kwa sababu vyuo vya Japani vinapofungua kozi za Kijapani cha kazini kwa wanafunzi wa kigeni, lawama haziko mbali. Chuo si wakala wa ajira, wanasema wakosoaji. Mwanafunzi amekuja kusoma uhandisi au historia. Lugha ni ya kusomea vitabu, kupata marafiki, kubishana na mwenye nyumba. Tena wengine watarudi kwao. Na lipo swali zito zaidi: mbona mgeni ndiye anayefundishwa kuinama, na kampuni haifundishwi kumsikiliza mgeni? Hilo la mwisho nalikubali lote.

Lakini tazama shukatsu, msako wa ajira wa Kijapani. Kampuni kubwa huchagua vijana wangali chuoni, waanze kazi pamoja 1 Aprili baada ya kuhitimu. Kuna fomu ya kujieleza, kuna SPI, mtihani wa kupima uwezo na haiba unaokimbizana na saa, kisha mahojiano ya awamu kadhaa. Kijana wa Kijapani huipata ramani ya safari hiyo kwa kaka na dada waliomtangulia, kwenye klabu za chuo, hata mezani nyumbani kwao. Mgeni ataipata kwa nani? Kozi inayobezwa kuwa ya kibiashara inampa kile ambacho mwenzake amekipata bure.

Na kilichomo si kidogo. Chukua keigo, lugha ya heshima. "Kwenda" ni iku. Akienda mteja, irassharu. Nikienda mimi mbele ya mteja, mairu. Msomaji aliyelelewa kwa shikamoo atasema, haya tunayajua. Hatuyajui. Kwetu mzee ni mzee popote atakapotajwa. Japani, ukizungumza na mteja, bosi wako unamshusha pamoja nawe: unamtaja kwa jina tupu, bila -san ya heshima, na vitenzi vyake vinakuwa vya unyenyekevu. Ukigeuka kuzungumza naye mwenyewe, unampandisha tena. Kinachoamua ni nani wa ndani na nani wa nje, umri utasubiri. Jambo kama hilo halisilibiwi kwa penseli. Linataka mdomo, tena na tena, mwalimu akiwa mteja leo na meneja kesho.

Waafrika tuna sababu yetu ya kulifikiria. Mwaka 2013, kwenye TICAD, mkutano wa maendeleo ya Afrika, huko Yokohama, Japani iliahidi vijana 1,000 wa Afrika, ndani ya miaka mitano, masomo na mafunzo kwa vitendo katika kampuni zake. Ndio mpango wa ABE, wa elimu ya biashara kwa Waafrika, na Wakenya na Watanzania wamepita humo. Masomo mengi ya uzamili katika mpango huo ni kwa Kiingereza, nafuu kubwa kwa anayeandika tasnifu. Ila vikao vya kampuni, barua pepe zake na utani wake wa jioni, kwa sehemu kubwa, ni Kijapani.

Kozi hizi zikiharibika, huharibikia kwenye kukariri. Mwanafunzi anatoka na fungu la sentensi zilizokauka, sawa na zile anazozisema kaunta ya duka la saa 24, katika saa 28 za kibarua anazoruhusiwa kwa wiki. Simu inaita. Mteja anamtaka Tanaka, mkuu wako, naye hayupo mezani. "Tanaka wa tadaima seki o hazushite orimasu", Tanaka hayupo mezani kwa sasa: Tanaka tupu, kitenzi kimenyenyekea, umejibu sawasawa. Kisha mteja anauliza atarudi lini, na kama wewe mwenyewe unaweza kumsaidia.