Saa 12 kwa Raia, Miaka 75 kwa Mgeni

Kamera za kutambua sura za wasafiri mpakani zenyewe hazinikeri. Pasipoti za kughushi zipo, wanaosafiri kwa majina ya watu wengine wapo, na afisa wa uhamiaji aliyekesha naye ni binadamu, huchoka. Kinachonikera ni yale yanayofuata baada ya pasipoti kugongwa muhuri: picha inakwenda wapi, inakaa huko muda gani, na nani mwingine anaishika.

Tuanze na Marekani. Raia wao akipigwa picha na CBP, yaani idara ya forodha na ulinzi wa mipaka, picha hiyo hufutwa ndani ya saa 12. Asipotaka kupigwa anaruhusiwa kukataa, pasipoti yake ikaguliwe kwa macho, basi. Mimi na wewe tunaoingia kwa viza hatuna hiari hiyo, na picha zetu zinaweza kukaa kwenye kanzidata ya serikali hadi miaka 75. Tangu Desemba 26, 2025, hata watoto wa chini ya miaka 14 hawasamehewi tena. Mtoto wa Mkenya anayekwenda leo kumtembelea shangazi yake Minnesota akiwa na miaka mitano, rekodi yake inaweza kuwepo akiwa na miaka 80. Kwetu mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Huko hata akisharudi kwao, sura yake haijaruhusiwa kuondoka.

Tutaambiwa data iko salama. Juni 2019 CBP yenyewe ilitangaza kuwa picha za wasafiri zimeibwa. Hazikuibwa kwenye mitambo ya serikali. Kampuni ya Perceptics, iliyokuwa na kandarasi ndogo katika majaribio ya kamera kwenye kivuko kimoja cha mpakani Texas, ilinakili picha hizo bila idhini na kuzipeleka kwenye mtandao wake, na wadukuzi wakazikuta huko. Mkaguzi mkuu wa Wizara ya Usalama wa Ndani alihesabu picha zipatazo 184,000, na angalau 19 kati yake zilionekana kwenye kona za giza za intaneti. Msafiri aliyetazama kamera siku ile alidhani anaitazama serikali. Jina la kampuni hata hakulisikia.

Na tusijidanganye kuwa haya ni ya Wamarekani tu. Kaskazini mashariki mwa Kenya, familia za Wakenya Wasomali zilizobanwa na ukame zilijiandikisha kambini Dadaab kama wakimbizi ili zipate chakula na matibabu. Njaa haiulizi uraia. Alama za vidole zikachukuliwa, za watoto pia. Miaka ikapita, watoto wale wakatimiza 18, wakaenda kuomba kitambulisho cha taifa, mashine ikasema: huyu ni mkimbizi. Maelfu walikwama hivyo, ndani ya nchi yao wenyewe, na Kenya bila kitambulisho husajili laini ya simu, hufungui akaunti benki, na kila kizuizi cha polisi ni mtihani. Alama zilizochukuliwa kwa ajili ya mgao wa chakula ziligeuka hukumu ya uraia, na hakukuwa na dirisha la kwenda kusema "mmekosea".

Ndiyo maana hoja ya "kama huna cha kuficha, unaogopa nini" hunichosha. Wale watoto walikuwa na nini cha kuficha?

Ulaya nao wana mfumo wao mpya wa kusajili sura na alama za vidole za wageni wanaoingia na kutoka, EES, ulioanza Oktoba 12, 2025. Siusifu, polisi nao wanaruhusiwa kuupekua kwa makosa makubwa. Lakini rekodi ya kawaida ya msafiri hufutwa baada ya miaka mitatu. Kumbe ulinzi wa mpaka unawezekana bila kumhifadhi mtu maisha yake yote.

Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania ilitunga yake 2022. Vizuri, ila raia wetu akishavuka, nani anamsemea? Serikali zetu zinapozungumza na Washington habari za viza, na hili liwe mezani: muda wa kufuta picha za mgeni ukaribie ule wa raia, pawe na mahali pa kulalamika bila kulipia wakili wa Marekani, na mkandarasi anayenakili picha bila idhini amlipe fidia msafiri mwenyewe.