Anguko la Ishirini na Saba

Tangu juzi jioni watu wasiopungua kumi na wawili wameniandikia ujumbe wenye namba moja tu, 27, na emoji za kucheka zimepangwa nyuma yake kama msafara wa siafu. Nimeona afadhali nieleze mwenyewe kisa kizima, kwa sababu rafiki yangu, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa anapenda mno kutajwa, ameshasambaza video ya sekunde 41 na kuandika chini yake kwamba nililia. Sikulia. Nilitoa sauti, na huenda sauti hiyo ilikuwa na unyevunyevu, lakini kulia ni jambo jingine, na wenye haraka ya kunihukumu nawaomba wasubiri hadi tufike huko.

Kava lenyewe la simu mnalifahamu, maana niliwasumbua nalo kwa majuma mawili kabla ya safari ya mlimani, nikiuliza maswali kisha nikiyajibu mwenyewe kabla hamjafungua kinywa. Mlinishauri silikoni. Nilikiri kwamba silikoni haiponyoki mkononi hata ukiwa na jasho, ila nikasema kwamba inanasa kila uzi na kila punje ya vumbi, na kwamba kuichomoa mfukoni ni sawa na kuvua soksi iliyolowa. Mlinishauri kava lenye tundu la kamba, nikawajibu (ujumbe ule bado mnao, najua, msinitumie tena) kwamba kamba ya shingoni ni ya watoto wa chekechea. Mmoja wenu akapendekeza rangi ya chungwa, nami nikamwambia kwamba mtu mwenye heshima zake hapandi mlima akiwa ameshika koni ya barabarani.

Nikajichagulia pande la plastiki ngumu, laini mgongoni kama sahani iliyotoka kuoshwa, lenye mpira mnene kwenye pembe zote nne, ukingo ulioinuka kuzunguka kioo ili simu ikianguka kifudifudi kioo kisiguse ardhi, vizibo vya matundu yote, na rangi ya mabakamabaka ya kijani na kahawia kama sare za askari wa msituni. Simu ilipoingia humo ilinenepa karibu mara mbili, ikawa haiingii tena mfukoni, na hilo halikunisumbua hata kidogo, kwani nilijiambia kwamba kitu kisichoingia mfukoni hakiwezi kuponyoka mfukoni.

Kilichonipumbaza hasa, nakiri, ni maandishi yaliyokuwa kwenye boksi: MIL-STD-810. Hicho ni kiwango cha jeshi la Marekani cha kupimia uimara wa vifaa, na jaribio lake la kuangusha nilikuwa nimelikariri kama shairi la mtihani. Kifaa huangushwa mara 26 kutoka kimo cha mita 1.22, kwa sababu umbo la boksi lina nyuso 6, kingo 12 na pembe 8, na kila kimoja lazima kionje ardhi. Hesabu hiyo niliijumlisha mbele ya kila aliyekuwa tayari kunisikiliza, na mbele ya wengine kadhaa ambao hawakuwa tayari. Nyumbani nilichukua futi ya fundi cherehani nikajipima, nikagundua kwamba mita 1.22 mwilini mwangu ni kitufe cha tatu cha shati kutoka juu. Siku ya safari nilivaa shati hilohilo.

Tulikuwa watu watano. Mmoja alikuwa mzee aliyestaafu, ambaye hupanda milima akiwa na fimbo, chupa ya maji na simu ndogo ya vitufe, na ambaye kila mara hufika kileleni akatusubiri. Mwingine ni huyo rafiki yangu, ambaye simu yake inaishi ndani ya kava la silikoni jekundu lililopauka, lililofungwa kamba ya kiatu na kutundikwa shingoni. Njia nzima nilikuwa nikiitazama ile kamba ya kiatu kwa huruma.

Tulipofika kwenye mwamba mmoja mpana tukaketi kupumzika, na hapo ndipo aliponiambia, kwa unyenyekevu ambao sasa natambua kwamba ulikuwa mtego: "Ndugu yangu, hebu tuonyeshe hilo kava la kijeshi linavyofanya kazi, nasi wengine tujifunze."

Kabla sijaendelea, ni lazima mjue simu ilikuwa katika hali gani. Nilikuwa nimeiweka katika hali ya ndegeni, kwa sababu simu inayotafuta mtandao milimani hula chaji kwa fujo, huku GPS ikiendelea kufanya kazi, kwa kuwa yenyewe hupokea tu mawimbi ya setilaiti, na programu ya njia ikirekodi kila hatua yetu. Sauti zote nilizizima nisije nikawashtua ndege. Kitu pekee nilichokiacha ni kikumbusho cha kunywa maji, ambacho kila nusu saa hutetema bila mlio.

Nikasimama katikati ya mwamba, nikamwomba rafiki yangu arekodi. Hilo nalirudia kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba nilirekodiwa kwa siri: mimi ndiye niliyeomba nirekodiwe, na mimi ndiye niliyemwelekeza asogee kidogo ili jua lisipige kwenye kamera yake. Nikainua simu hadi kitufe cha tatu. Nikasema, "Limepimwa kwa maanguko 26, ndugu zangu, na hili ni moja tu." Nikaachia.

Iliangukia pembe, kama nilivyokusudia, na mpira ulifanya kazi yake: ulibonyea, ukalimeza pigo, kisha ukarudisha sehemu yake juu, kwani ndiyo tabia ya mpira. Simu ikaruka kimo cha kiganja, ikajigeuza hewani bila pupa, ikatua chali. Mgongo ule wa sahani ukakutana na mwamba ulioinama kidogo na wenye mchanga mwembamba juu yake, nayo ikaanza kuteleza, si kwa kasi, bali kwa utulivu, kama mgeni rasmi anayeelekea kwenye kiti chake. Ikateleza. Ikaendelea kuteleza. Hakuna aliyesogea. Halafu, ikiwa imebakiza upana wa vidole viwili kufika ukingoni, ikasimama.

Hapo ndipo ningeweza kuokoka. Zilikuwa hatua nne tu, na mtu yeyote mwenye akili timamu angezipiga, akainama, akaichukua simu yake na kwenda nayo nyumbani. Mimi niliigeukia kamera. Niliipa simu mgongo, nikafungua mikono yote miwili kama mtu anayepokea tuzo, nikasema, "Mmeona?" Kwenye video neno hilo linachukua karibu sekunde mbili, kwa sababu nililivuta. Na ndani ya sekunde hizo mbili, nyuma yangu, saa nne na nusu kamili, simu ikakumbuka kwamba umefika wakati wa mimi kunywa maji.

Krrr.

Kila mtu amewahi kuona simu inayotetema juu ya meza inavyojisogeza yenyewe kama kaa. Sasa iwekeeni mgongo unaoteleza, ilazeni juu ya mwamba ulioinama. Niliona nyuso za wenzangu zikibadilika kabla sijaelewa lolote: mzee aliinua fimbo yake akielekeza mahali fulani nyuma ya sikio langu, na rafiki yangu alibana midomo kama mtu aliyemeza nzi, lakini mkono wake ulioshika simu haukutikisika hata chembe, na hilo sitalisahau. Krrr ya pili. Nikageuka. Nusu ya simu ilikuwa imeshachungulia bondeni, na kwenye kioo, ambacho kilikuwa safi kabisa bila ufa wowote, niliweza kuyasoma kutoka pale niliposimama maneno niliyoyaandika mwenyewe kwa herufi kubwa: KUNYWA MAJI, BINGWA. Krrr ya tatu ikaipeleka.

Ndipo nikatoa ile sauti. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama mtu anayeita jina la ndugu yake kwenye kituo cha basi, isipokuwa simu yangu haina jina, kwa hiyo ilitoka irabu tupu.

Tukasikia tok. Kimya. Tok. Kimya kirefu zaidi. Kisha tok moja ya mbali, ya chini, iliyofuatwa na mchakacho wa majani. Rafiki yangu, ambaye bado alikuwa anarekodi, akauliza kwa upole: "Samahani, bwana, hilo la mwisho lilikuwa la ngapi? La 27?" Video inaishia hapo.

Yapo mambo niliyoyasoma usiku wa siku ileile, ambayo laiti ningeyasoma mapema. Maanguko yale 26 mara nyingi hufanyika juu ya plaiwudi ya unene wa inchi 2 iliyolazwa juu ya zege, wala si juu ya mwamba. Yanaruhusiwa kugawanywa kwa vifaa hadi vitano, kwa hiyo huenda hakuna hata kifaa kimoja kilichoonja yote. Jeshi halimpi mtengenezaji wa makava cheti chochote. Mtengenezaji hujipima mwenyewe, au humlipa mtu ampimie, kisha akajiandikia kwenye boksi. Na kubwa kuliko yote, jaribio lile linauliza tu kama kifaa kimepona. Haliulizi kimekwenda wapi.

Tuliteremka kuitafuta. Wenzangu walizunguka kwa njia ya pembeni, mimi kwa uchungu nikapita moja kwa moja, na sehemu kubwa ya mteremko huo niliipitia kwa makalio. Suruali yangu haikuwa na ukingo ulioinuka. Huko chini nilikuta majani mabichi ya kijani, majani makavu ya kahawia, na mawe yenye mabaka ya kijani na kahawia, na nikasimama hapo nikitafuta kitu chenye mabakamabaka ya kijani na kahawia, ambacho nilikilipia zaidi kwa sababu ya rangi hiyo. Yule aliyenishauri kuhusu rangi ya chungwa, ninajua unasoma, na ninajua unachotaka kuandika.

Mmoja wetu akasema, "Tuipigie." Nikalazimika kueleza habari ya hali ya ndegeni. Akasema, "Basi walau itaita ikishika mtandao." Nikaeleza tena. Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza kitu kwa muda mrefu, ila nilisikia mtu akihesabu nyuso, kingo na pembe kwa sauti ya chini huku akipekua kichaka.

Mzee alichoka, akaketi kivulini penye majani mengi. Baada ya dakika kadhaa akaniita. "Mwanangu, jiwe hili nililokalia lina joto."

"Pole sana, mzee," nikamjibu bila kugeuka, kwa kuwa nilikuwa nimeingiza kichwa kwenye miiba.

Ningefikiri kidogo tu ningekumbuka kwamba jiwe la kivulini halina sababu ya kuwa na joto, lakini simu inayorekodi njia bila kupumzika, ikiwa imezibwa kila upande kwa plastiki na mpira mnene usiopitisha joto, inayo sababu nzuri sana. Sikufikiri. Ilipotimia saa tano kamili mzee aliruka kutoka pale alipokuwa kwa wepesi ambao hatujawahi kuuona hata kileleni, akasimama akiegemea fimbo, akalitazama lile rundo la majani, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu," akasema, "jiwe limenisemesha."

Nikafukua. Krrr, hafifu kama mbu aliyefungiwa ndani ya mto. Kunywa maji, bingwa.

Mengine ni mafupi. Simu ni nzima, kioo ni kizima, kamera ni nzima, na kava limepata mchubuko mmoja kwenye pembe pamoja na umbo la mzee, ambalo halimo katika majaribio ya kijeshi lakini wangefaa kuliongeza. Programu ya njia imetuchora vizuri hadi kwenye mwamba, halafu simu ikachepuka peke yake kwenda bondeni na kukaa mahali pamoja kwa nusu saa, na picha ya ramani hiyo nayo imeshasambazwa. Mzee aliniuliza kwa heshima kama makava ya aina hiyo hutengenezwa pia kwa ajili ya suruali. Niliteremka mlima wote nimefunga sweta kiunoni.

Jana nimeagiza kava la silikoni, rangi ya chungwa, lenye tundu la kamba. Kamba imetangulia kufika, na kwa sasa ninaivaa shingoni bila kitu ili niizoee. Nimemwomba rafiki yangu, kwa maandishi na kwa lugha ya staha, aongeze kwenye video ile sehemu ya mwanzo ambapo nilifafanua nyuso, kingo na pembe kwa muda wa dakika sita, kwa sababu bila sehemu hiyo mtazamaji hawezi kuona kwamba nilikuwa na hoja. Amenijibu kwamba hiyo hakuirekodi, kwani wakati huo alikuwa anakunywa maji.