Prepu ya alfajiri na mwanafunzi anayeongoza darasa

Kila UNEB, baraza la mitihani la Uganda, inapotangaza matokeo, magazeti ya Kampala hujaa picha za vijana waliobebwa juu juu na wenzao, na swali huwa lile lile: ulisomaje? Majibu nayo hufanana. Namshukuru Mungu, nawashukuru walimu, nilijibidiisha. Hapo kwenye kujibidiisha ndipo tunapogawanyika. Katika shule nyingi za bweni, bidii hupimwa kwa saa: prepu, yaani muda wa kujisomea darasani, ya usiku hadi saa nne au saa tano, kisha kengele ya saa kumi alfajiri, na watahiniwa wa kidato cha nne (S.4) na cha sita (S.6) wanarudi darasani wakiwa wamejikunyata ndani ya masweta. Kuna walimu na wazazi wanaoona huko ni kuwachosha watoto bure. Kuna wengine, wengi zaidi, wanaoamini shule isiyoamsha wanafunzi mapema haiko makini.

Mimi niko karibu zaidi na hao wa kwanza, lakini hoja za wenzao zina uzito.

Mtoto wa shule ya kutwa kijijini akitoka darasani huenda kisimani, hurudi jikoni, humbeba mdogo wake, na giza likiingia hana taa ya kusomea. Kwake bweni lenye umeme na utulivu ni neema. Ukimwambia kwamba wingi wa saa si hoja, utakuwa unamdhihaki. Ushindani nao ni wa kweli. Mtihani wa UACE, ule wa kumaliza kidato cha sita, una alama 20 kwa jumla: masomo makuu matatu yenye alama 6 kila moja, na 2 zinazotoka kwenye General Paper (karatasi ya maarifa ya jumla) na somo dogo. Nafasi za udhamini wa serikali katika vyuo vikuu vya umma ni takriban 4,000 kwa mwaka kwa nchi nzima. Alama moja ikipotea, aliyekuwa anautazama udaktari anaweza kujikuta kwenye kozi ambayo hakuiwazia. Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo ana sababu ya kutaka kuona taa za darasa zikiwaka.

Na kukariri kwenyewe tusikubeze. Huwezi kuubuni mwaka wa Mkataba wa Buganda, 1900, kwa kufikiri tu. Valensi za kemia hazibuniwi, na mwanafunzi wa Mbale anayejifunza Kiswahili hawezi kuzikwepa ngeli.

Shida yangu ni kile kinachofanyika ndani ya saa hizo. Mtazame mwanafunzi anayeongoza darasa akijisomea biolojia. Amefungua daftari kwenye mada ya mzunguko wa damu, ana kalamu ya rangi, anapigia mistari, anasoma ukurasa mara tatu, nne. Maneno anayatambua yote, kwa hiyo anajiona anajua. Mwambie afunge daftari, achukue karatasi tupu, achore safari ya damu kutoka mwilini, ipite moyoni, hadi irudi mwilini. Ataanza vizuri kwenye mshipa wa vena kava, ataingia chumba cha juu cha kulia, atashuka chumba cha chini, kisha wengi huivusha damu moja kwa moja hadi upande wa kushoto kana kwamba mapafu hayapo. Kosa hilo lilikuwepo muda wote aliokuwa akisoma, ila daftari lilikuwa wazi likimsitiri. Sasa analiona, tena kwa dakika tano tu, na akirekebisha mwenyewe halisahau kirahisi.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu wakisome. Kundi moja lilikisoma kwa vipindi vinne. Jingine lilikisoma kwa kipindi kimoja, kisha likajipima mara tatu kwa kuandika linachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza: asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka. Waliojipima walikumbuka asilimia 61, na waliorudia kusoma asilimia 40. Naona hapo ndipo ubishi wetu wote ulipojificha, kwa sababu prepu ya alfajiri humfanya mtoto ajisikie ameiva asubuhi ile ile, ilhali mtihani uko miezi mbele.

Kuhusu usingizi sina maneno mengi. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa kijana wa miaka 13 hadi 18. Anayetoka prepu saa tano usiku na kuamshwa saa kumi hazipati hata saa tano kamili. Usingizi ndio unaokaza yale aliyojifunza mchana, na mwanafunzi bora ndiye mwenye mengi ya kupoteza hapo.

Wapo wanaosema mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020 na kutahiniwa mara ya kwanza 2024, umemaliza mjadala huu. Kweli maswali yamebadilika. Mtahiniwa hupewa hali fulani, tuseme mkulima ambaye mahindi yake yanageuka manjano, kisha atumie alichojifunza kumshauri. Aliyemeza vijitabu vya majibu vinavyouzwa mitaani hana pa kushika. Lakini mtihani wa mwisho bado ndio wenye asilimia 80, na tathmini endelevu 20. Na kwenye darasa la wanafunzi zaidi ya mia, mwalimu hawezi kufuatilia kazi ya kila mmoja kama mtaala unavyotaka. Kwa hiyo hofu haijaondoka, na kengele ya saa kumi bado inalia. Sidhani mtaala peke yake utainyamazisha.

Jambo moja linaniuma zaidi. Wanafunzi wanaoongoza huambiwa wasipoteze muda na wanaosuasua. Huwa wanatengwa, wakati mwingine hata mkondo wao ni wa peke yao. Najua sababu: mwalimu anataka kwenda nao kasi, na mkuu wa shule anatafuta jina kwenye magazeti. Ila anayemweleza mwenzake hesabu za moli katika kemia hulazimika kuzipanga upya kichwani, na swali la yule asiyeelewa humfikisha kwenye mashimo ambayo asingeyagundua peke yake. Kikundi cha majadiliano chenye watu wa viwango tofauti kinamfaa mwanafunzi bora pia. Kisizidi wanne au watano, maana kikikua huwa baraza la soga.

Wakuu wa shule huniuliza: basi tufute prepu? Hapana. Ya usiku ibaki, iishe saa tatu na nusu, na nusu saa ya mwisho vitabu vyote vifungwe. Kila mmoja aandike anachokumbuka cha siku hiyo, na Ijumaa arudie kuandika cha Jumatatu kabla ya kufungua daftari kuhakiki. Karatasi za mitihani iliyopita zifanywe kwa saa ya ukutani, bila majibu pembeni. Ya alfajiri ndiyo ningeifuta, nikianza na S.6, ambao shule huwahofia zaidi. Mkuu atakayethubutu ataulizwa na wazazi siku ya kutembelea watoto kwa nini shule yake inalala. Awape karatasi tupu, kila mzazi amwombe mwanawe aeleze mada moja ya muhula huo bila daftari, mbele yake, pale pale chini ya mwembe.