Ada ikishuka, nafasi zitoke wapi?

Wanasiasa hupenda kutangaza kushuka kwa ada za malezi ya watoto, maana ni tarakimu inayopendeza kwenye bango. Jimbo la Quebec, Kanada, lilianza mwaka 1997 na dola 5 kwa siku, mzazi awe tajiri au maskini. Kilichofuata ni foleni ya kusubiri nafasi kwenye vituo vya kulelea watoto. Na foleni, tusidanganyane, humpendelea mzazi anayejua taratibu, aliyemwandikisha mtoto angali tumboni.

Ndiyo maana nasema haki ya nafasi itangulie, bei ifuate. Uswidi iliziwajibisha manispaa kisheria kutoa nafasi mwaka 1995. Ukomo wa ada ulikuja 2002. Leo manispaa ina miezi 4 ya kutoa nafasi tangu mzazi aombe. Ujerumani, tangu tarehe 1 Agosti 2013, mtoto akitimiza mwaka 1 ana haki ya kulelewa kituoni au kwa mlezi wa nyumbani, na mwaka 2016 mahakama ya juu iliamua kwamba mamlaka iliyozembea inaweza kulazimika kumlipa mzazi mshahara alioukosa. Hiyo ni sheria yenye meno.

Ila sheria haizai walezi. Chukua chumba cha watoto wachanga 8, mlezi 1 kwa watoto 4. Kituo kikiwa wazi masaa 11 kwa siku, siku 5, kila nafasi ya mlezi ni masaa 55 kwa wiki, na mtu hufanya kazi masaa 40. Walezi 2 chumbani ni karibu watu 3 kwenye orodha ya mishahara, na hapo likizo, ugonjwa na mafunzo bado. Bajeti iliyohesabu 2 ndiyo inayofunga mlango saa 9 alasiri, mzazi akiwa bado kazini.

Ruzuku ya kulipa kwa kila kichwa nayo huua vituo vya mikoa yenye watu wachache. Watoto wachanga 5 wanahitaji walezi 2, sawasawa na watoto 8. Mafua yakipita wiki mbili mapato yanaporomoka, mishahara iko palepale. Lipeni kwanza fungu la kudumu la mishahara na jengo, halafu nyongeza kwa kila mtoto.

Kwa watoto wenye ulemavu, kosa kubwa ni kufunga fedha za mlezi msaidizi kwenye cheti cha daktari. Uchunguzi wa mtoto wa miaka 2 waweza kuchukua miezi, hasa kule madaktari walikoadimika, na muda wote huo mzazi anaambiwa, kwa upole sana, asubiri. Mlezi wa ziada awepo tangu mwanzo, cheti kifuate. Jengo lenyewe si kazi ngumu: mteremko wa kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12, yaani kimo 1 kwa urefu 12, hivyo ngazi za kimo cha sentimita 30 zinataka mteremko wa mita 3.6. Ukiwekwa kwenye ramani, gharama yake ni ndogo. Ukikumbukwa baada ya uzio kusimama, hauna pa kupita.